Wadhamini wa Kompyuta Arobaini na Moja

Haya hayakutokea zamani za kale. Yametokea juzi tu, na mashahidi wengi wangali hai. Baadhi yao bado wana masikio yote mawili. Mwenye shaka aje aulize, ila aje na kitambulisho.

Nchi yetu haina jina. Ilikuwa nalo, tena zuri, lakini Idara ya Usalama iligundua kwamba maadui wanalitumia wanapotusema, basi jina likakamatwa na kufungiwa kabatini. Tangu hapo tunaiita Nchi, na maadui wamekosa pa kuanzia. Kiongozi wetu naye tunamwita Mlezi, kwa kuwa ametulea miaka thelathini na minne na bado hatujakua.

Mimi naitwa Sungwa. Ni karani wa fomu katika Chuo cha Juu cha Maarifa Yaliyoruhusiwa. Kazi yangu ni kuandika kilichotokea na saa kilipotokea, kisha kumpa anayehusika asaini, kama vidole vyake vinaruhusu. Sijawahi kumdhuru mtu. Hata kuku wa sikukuu huwa namwita jirani anichinjie.

Chuo kilikuwa na kompyuta arobaini na fundi mmoja, Mwasiti, mwanamke mwembamba asiyependa maneno mengi. Mumewe, Mwalimu Hizza, alifundisha jiografia hapohapo chuoni. Walikuwa na binti mdogo aitwaye Zena, na nyumba yao ilitazamana na yangu. Nilikuwa nikiwapenda, nasema kweli.

Siku moja asubuhi karani wa mapokezi alifungua barua katika kompyuta iliyomwarifu kwamba ameteuliwa kuwa balozi, abonyeze hapa ajue ni wa nchi gani. Akabonyeza. Majina ya wanafunzi wote yakapotea, na kwenye kila skrini ikatokea picha ya Mlezi akiwa na pembe za mbuzi. Karani yule tulimzika Alhamisi. Ubalozi wenyewe ulikuwa wa wapi, hatukujulishwa.

* * *

Ijumaa aliletwa Kanali Gomvu, Mkuu mpya wa Ulinzi wa Kompyuta. Alikuwa na sifa zote. Aliwahi kulinda daraja kwa miaka kumi na miwili na daraja halikuibwa. Nyuma yake alitembea Sajini Matiku, mtu mpole, mwenye sauti ya chini na koleo mfukoni.

Fundi Mwasiti alikuwa ameandika ripoti ya ukurasa mmoja. Kanali aliigeuza upande wa pili, akakuta hakuna kitu, akairudisha mezani.

"Fundi, nimeisoma mara mbili. Sijaona adhabu."

"Afande, haihitaji adhabu. Watu wasichomeke flashi wasizozijua. Kila mtu awe na neno lake la siri, asimwambie mwenzake. Na kila jioni tuhifadhi nakala ya kazi zetu mahali pengine. Basi."

"Na asiyefanya hivyo?"

"Tunamkumbusha."

Kanali alicheka mpaka bastola ikamchomoka kiunoni, ikaanguka, ikafyatuka, na kumjeruhi mlinzi wa mlangoni gotini. "Tunamkumbusha! Umesikia, Sajini?"

"Nimesikia, Afande," alisema Sajini Matiku, huku akimfunga mlinzi goti kwa leso yake mwenyewe.

Basi Kanali akatukusanya ukumbini, akapanda jukwaani. "Ndugu zangu," alisema, "kompyuta haina mwili unaouma. Kisicho na mwili unaouma hakiogopi. Kisichoogopa hakiwezi kulindwa, na historia ya dunia ni shahidi. Kwa hiyo Serikali, kwa huruma yake, imeamua kuziazima kompyuta miili. Miili hiyo ni ninyi."

Tulipiga makofi. Hatukujua la kufanya jingine.

Hiyo ndiyo ikawa Sheria ya Dhamana ya Mwili. Kila kompyuta ipewe mtu mmoja wa kuidhamini, na litakaloipata kompyuta limpate mdhamini. Herufi ya kibodi ikitoka, mdhamini ang'olewe jino. Kipanya kikiharibika, akatwe kidole. Skrini ikipata mchubuko, Sajini Matiku aupime kwa rula na kumchora mdhamini usoni mchubuko wa urefu uleule, asimzidishie hata milimita, maana sisi si washenzi. Mashine ikiwa nzito, mdhamini apigwe nyayo mpaka awe mzito vilevile. Ikipata joto, asimamishwe juu ya bati juani. Ikifa, naye afe.

Fomu niliichora mimi, kwa mkono wangu na rula ya kuazima. Ilikuwa na safu saba. Safu ya sita iliandikwa "Kilichoipata mashine" na ya saba "Kilichompata mdhamini". Safu ya nani amesababisha sikuiweka. Kanali aliona itachafua ukurasa.

* * *

Siku ya kuchagua mashine kila mtu aliitaka iliyo mpya. Profesa Makelemo, Mkuu wa Chuo, aliikumbatia ya ofisini kwake na kulala juu yake, na waliojaribu kumtoa aliwapiga kwa joho la mahafali. Bibi wa maktaba alimng'ata mpishi mkuu bega mpaka akaiachia ile ya stoo. Wahadhiri wawili wa falsafa walipigana kwa viti, na aliyeshinda hakuishi kuifaidi.

Mwalimu Hizza alifika wa mwisho. Alichelewa kwa sababu alikuwa darasani anafundisha, tabia ambayo wenzake walikwisha kumwonya siku nyingi. Ilikuwa imebaki moja tu, Namba Kumi na Saba ya masjala, kuukuu, yenye feni inayolia kutwa kama mgonjwa wa pumu.

"Baba Zena," Mwasiti alimwambia, "kwa nini hukukimbia na wenzako?"

"Nilikuwa sijamaliza mito ya kaskazini."

"Mito!"

"Ulibaki mmoja tu, mke wangu. Ningewaachaje?"

 Mwasiti alikwenda masjala, akaifungua Namba Kumi na Saba, akaipangusa vumbi kwa brashi ya kunyolea ya mumewe na kuitia feni mafuta tone moja. Tangu siku hiyo alifanya vile kila asubuhi kabla ya kunywa chai. Hakuwa na haja nyingine duniani ila mashine ile isife.

Sheria ilianza kuleta matunda wiki ile ile. Herufi ya kwanza kutoka ilikuwa A, kwa kuwa lugha yetu haiwezi kusema neno bila kuigusa. Ilitoka kwenye kibodi ya Profesa Makelemo. Sajini Matiku alimng'oa jino la mbele mbele ya wanafunzi wote, akamwomba radhi, akamfuta damu. Kufika mwisho wa mwezi Profesa alikuwa amebakiwa na meno yanayolingana na herufi zilizobaki, na barua za ofisi yake zilikuwa fupi sana.

Watu wakaanza kuzifunika kompyuta kwa kanga na blanketi za watoto, wasiziwashe kabisa. Kanali alipokuta mashine zote zimelala alikasirika, akaamuru ziwe zinawaka mchana kutwa, na yeyote atakayekutwa haitumii yake acharazwe viboko ishirini na nne. Kwa hiyo tukawa tunabonyeza herufi polepole kwa ncha ya kidole.

Lile jambo la neno la siri Kanali alilipenda, ila alilirekebisha kidogo. Kila Jumatatu tulipanga mstari chini ya bendera, na kila mmoja alilitaja neno lake kwa sauti kubwa ili Serikali ihakikishe kuwa ni la siri kweli. Wanafunzi walisimama upande wa pili wa uzio wakiandika. Mwaka ule walifaulu wote.

Kuhusu kuhifadhi nakala, Mwasiti alikutwa nazo kwenye droo. Kanali alimweleza kwa upole kwamba kunakili nyaraka za Serikali ni wizi, na kunakili kila jioni ni wizi wa mazoea. Alichapwa viboko kumi na viwili. Nakala zilichomwa moto, na majivu yake yalihesabiwa kuwa salama.

* * *

Mwezi wa tatu ililetwa mashine kubwa ya kutunzia kumbukumbu zote za chuo, ikawekwa katika chumba cha vioo, ikawa ya arobaini na moja, ila kwa heshima ikaitwa Namba Moja. Mlezi mwenyewe alikuja kuizindua. Watu wawili walikufa kwa kupiga makofi.

Kanali alipouliza nani ataidhamini Namba Moja, ukumbi mzima uliangalia viatu vyake. Ilikuwa mashine ngeni, yenye taa nyingi, na hakuna aliyejua inaugua magonjwa gani. Kimya kile kilimuudhi Mlezi. Aliinuka kitini, akawasukuma walinzi wake.

"Watoto wangu mnaogopa chuma!" alinguruma. "Mwili huu umepigwa risasi saba na haukufa! Mwili huu umekula sumu ya mabeberu ukaomba nyongeza! Leteni kalamu. Namba Moja naidhamini mimi, mbele yenu na mbele ya vizazi!"

Alisaini fomu yangu. Mimi, Sungwa, niliishika ile fomu kabla wino haujakauka, na nyumbani sikunawa mkono siku mbili. Kanali alilia machozi. Mwasiti, aliyekuwa amesimama karibu yangu, alinong'ona, "Na ikiharibika?" Nilimkanyaga mguu anyamaze.

Iliharibika Jumatano. Kanali aliokota flashi nyekundu getini, akaiona ni bahati, kwa kuwa kitu cha kuokotwa hakina mwenyewe. Akaingia nayo chumba cha vioo na kuichomeka katika Namba Moja aone kuna muziki gani. Tulikuwepo mimi, Mwasiti na Sajini Matiku. Mlezi akatokea kwenye skrini na pembe za mbuzi, akafuata mbuzi mzima, kisha feni zikapiga kelele kali, moshi mweusi ukatoka kwenye matundu, na taa zote zikazimika.

Mwasiti alifungua skrubu nne, akaangalia ndani, akasimama.

"Imekufa, Afande."

"Rudia."

"Imekufa. Imeungua yote."

Tuliinua macho kwenye picha ya Mlezi ukutani. Sajini Matiku, ambaye alikuwa ameshatoa koleo kwa mazoea, alilirudisha mfukoni taratibu.

"Namba Moja haiwezi kufa," Kanali alisema. "Mdhamini wake nimemsikia asubuhi redioni, mzima wa afya. Sheria yasema mashine na mdhamini ni kitu kimoja. Mdhamini yu hai, basi mashine i hai. Inapumzika. Kama ipo iliyokufa humu chuoni, ni nyingine." Akanigeukia. "Karani, mashine kuukuu kuliko zote ni ipi?"

Nilifungua daftari. Daftari halijui kudanganya, na mimi ndiye nililiandika.

"Namba Kumi na Saba, Afande."

Mwasiti alinitazama. Sijawahi kutazamwa vile na jirani.

Tulikwenda masjala. Namba Kumi na Saba ilikuwa inawaka, inafanya kazi, feni yake inalia kama siku zote. Kanali aliipiga kwa kitako cha bunduki ya mlinzi mara tatu, mpaka ikanyamaza. Nikaandika safu ya sita.

* * *

Mwalimu Hizza walimkamata darasani. Angeuawa Ijumaa, lakini Sheria iliruhusu maandalizi, kwa sababu kitako cha bunduki kilikuwa kimeng'oa herufi tisa, kimepasua kipanya vipande viwili na kuvunja kifuniko cha upande wa kushoto. Sajini Matiku alianza kazi jioni ile ile, akaendelea Alhamisi asubuhi. Meno tisa, vidole viwili, sikio la kushoto. Nilikuwa mlangoni na daftari. Hizza alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, kisha akawa anapiga kelele bila sauti. Niliumia sana moyoni, na mwandiko wangu siku hiyo haukuwa mzuri.

Alhamisi mchana Mwasiti alinijia ofisini. Hakuwa analia.

"Bwana Sungwa, wewe unajua mambo ya mihuri. Mashine inayodhaminiwa na Mlezi inaweza kufa?"

"Haiwezi. Tumeshuhudia jana."

"Hata ikitoa moshi?"

"Hata ikitoa moshi, dada yangu."

"Basi niandikie barua. Wewe hodari wa maneno makubwa. Yamwage yote."

Niliyamwaga. Barua ilisema kwamba sisi wafanyakazi wa Chuo, wadudu tusiostahili, usingizi umetupaa kwa wivu, kwa kuwa Namba Moja peke yake ndiyo iliyopewa heshima ya kudhaminiwa na Mlezi, ilhali mashine nyingine arobaini zinalelewa na watu duni wenye meno mabovu. Na kwamba tunamwomba Baba, kwa mapana ya kifua chake, azidhamini zote arobaini na moja. Watu walisaini mbio mbio, waliokosa vidole wakaweka dole gumba la mguu.

Wapo waliosema baadaye kwamba fundi alimpaka Kanali mafuta kwa mgongo wa chupa. Mimi niliyaona mapenzi kwa taifa. Hata Kanali aliposoma alishindwa kujizuia, akatoa leso. Barua ilipelekwa Ikulu jioni, na Mlezi akaisaini bila kuisoma. Huwa hasomi anachosaini. Akianza kusoma, Nchi itasimama.

Ijumaa alfajiri Namba Kumi na Saba ilitangazwa kuwa hai na yenye afya njema, ingawa ilikuwa vipande vitatu ndani ya gunia. Hizza akaachiliwa. Mwasiti alimbeba mgongoni kutoka getini mpaka nyumbani, mchana kweupe, na watu wakatoka nje kumtazama. Zena alipomwona baba yake alijificha nyuma ya mlango, akakataa kutoka mpaka baba alipofunikwa uso kwa taulo.

Kwa wiki mbili chuo kilikuwa na raha. Mashine zilikufa ovyo na hakuna aliyeumia. Herufi zilitoka, vipanya vilipasuka, mpishi mkuu alimwaga mchuzi wa kisamvu ndani ya Namba Ishirini na Tisa, na kila mara mimi niliandika "inapumzika". Mwasiti alianza kula tena. Nilimsikia akicheka mara moja jikoni kwao, nikafurahi.

* * *

Aliyeharibu ni daktari wa Mlezi. Alikuwa akimkanda mgongo, akamuuliza kwa kumtania kama meno ya Mheshimiwa bado yapo yote, maana kule chuoni watu wanazichezea kibodi kama mpira.

"Kwani kibodi zao na meno yangu vina undugu gani?" Mlezi aliuliza.

Daktari akaeleza. Mlezi akakaa kitako.

"Yaani mpishi akimwaga mchuzi, mimi nang'olewa meno?"

"Kwa mujibu wa Sheria, Mlezi."

"Na mashine zenyewe ni ngapi?"

"Arobaini na moja."

Daktari alitupwa dirishani, ghorofa ya nne, kwa kujua mambo mengi. Kisha Mlezi akatoa amri, fupi na ya busara: kompyuta zote za chuo ziuawe kwa risasi, kwa kuwa kitu ambacho hakipo hakiwezi kuharibika.

Jumamosi asubuhi tuliziburuta hadi uwanja wa mpira, tukazipanga mbele ya goli juu ya madawati. Kila moja ilifungwa kitambaa cha pazia juu ya skrini, kama utu unavyotaka. Profesa Makelemo alizisomea mashtaka, lakini kwa sababu ya meno hatukuambulia neno. Kikosi kilipiga risasi sita kwa kila mashine. Vioo na vyuma viliruka mpaka kwenye jukwaa la wageni. Kipande cha skrini kilimkata shingo mwalimu wa hesabu, akafa palepale alipokaa. Yeye hakuwa na fomu. Namba Moja ilikufa mara ya pili, safari hii rasmi. Wanafunzi waliimba wimbo wa taifa, wakaruka ubeti wa pili kwa sababu una jina la Nchi.

Nilijaza fomu zangu palepale uwanjani. Safu ya sita: risasi sita, risasi sita, risasi sita, mara arobaini na moja. Nilipofika safu ya saba nikakwama. Ilikuwa tupu. Na fomu yenye safu tupu haipokelewi kabatini, hiyo ni kanuni ya tangu enzi za marehemu bosi wangu. Nikampelekea Kanali.

Kanali aliitazama fomu muda mrefu. Akaomba Sheria iletwe, akaisoma upya toka juu hadi chini, akiwa amevaa miwani.

"Litakaloipata kompyuta," alisema, "limpate mdhamini. Niliandika mimi haya?"

"Wewe mwenyewe, Afande."

"Na sheria ni msumeno, Karani. Hukata mbele na nyuma." Akavaa kofia. "Sajini Matiku, risasi sita mara arobaini na moja ni ngapi?"

"Mia mbili arobaini na sita, Afande."

"Chukua mia tatu. Barabara ina mashimo, nyingine zitamwagika."

Wapo wanaosema Kanali alikuwa na uchu wa kiti. Uzushi mtupu. Mimi niliiona ile fomu, na safu ilikuwa tupu kweli. Walirudi saa nane mchana, wamechoka, buti zimelowa. Kanali alisaini safu ya saba mara arobaini na moja bila kuruka hata moja. Jioni redio ikatangaza kwamba Mlezi amepumzika, na kwamba tunaye Mlezi mwingine, Kanali Gomvu, ambaye atatulea mpaka tukue.

* * *

Mlezi mpya hakukisahau chuo chake. Mwezi uliofuata yalikuja malori mawili ya kompyuta mpya, arobaini na moja, ndani ya maboksi yenye sponji na karatasi za kumetameta. Alikuja pia mwenyewe, akatuhutubia.

"Nimejifunza," alisema. "Mtangulizi wangu alikosea jambo moja tu. Wazo la Fundi Mwasiti, mdhamini mmoja kwa mashine zote, lilikuwa wazo la kipaji, na ninampongeza hadharani. Linaokoa karatasi. Kosa lilikuwa kumchagua mtu asiye na uzoefu. Kwa hiyo, ndugu zangu, mdhamini wa mashine zote arobaini na moja, kuanzia leo, ni Mwalimu Hizza. Mpigieni makofi!"

Tulimpigia. Mwasiti alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Mumewe aliketishwa kwenye kiti mbele ya ukumbi, Sajini Matiku ubavuni mwake. Sajini alimuuliza kama anakaa vizuri.

Sasa Mwasiti akaanza kuziwasha. Alifungua kila boksi mwenyewe, hakutaka mtu aguse. Aliunganisha waya, akapuliza vumbi, akabonyeza, akangoja. Ya kwanza ikawaka. Ya pili ikawaka. Mimi nilikuwa nyuma yake na daftari naandika "imewaka" na saa yake. Kila ikiwaka moja alimgeukia mumewe, naye aliitikia kwa kichwa. Zilipofika ishirini jasho lilikuwa linamchuruzika mgongoni. Zilipofika thelathini na tano watu walianza kuhesabu kwa sauti, wote pamoja, hata bibi wa maktaba. Ya arobaini ikawaka, ukumbi ukashangilia.

Akabonyeza ya arobaini na moja. Skrini ikabaki nyeusi. Akabonyeza tena.

"Bwana Sungwa," alisema bila kunigeukia, "usiandike kwanza. Nakuomba. Nipe dakika kumi."

Nilimwonea huruma, Mungu ni shahidi yangu. Niliitazama fomu juu, nikaitazama chini, nikaigeuza na nyuma. Ina nafasi ya "imewaka" na nafasi ya "haikuwaka". Ya dakika kumi haina. Mlezi alikuwa ananiangalia. Nikaandika: haikuwaka, saa nne na dakika kumi na mbili.

Sajini Matiku alimshika Hizza mkono, akamwonya kuhusu ngazi, wakatoka kwa mlango wa nyuma. Hizza alikuwa akisema kitu, lakini tangu yale meno alikuwa hasikiki vizuri.

Mwasiti alikuwa ameshaingia chini ya meza. Nilimsikia akipapasa ukutani, halafu nikasikia mlio mdogo wa plagi ikizama vizuri kwenye soketi. Ilikuwa imeingia nusu tu. Kompyuta ikawaka buluu nzuri, ikapiga muziki wake mfupi wa kukaribisha.

"Imewaka!" alipiga kelele kutoka kule chini. "Bwana Sungwa, imewaka! Futa! Futa hapo!"

Ningependa sana kufuta. Lakini daftari la usalama halifutwi. Ndiyo maana linaitwa la usalama. Nje mlio ulikuwa mmoja tu, Sajini Matiku hapotezi risasi.

Nikajaza safu ya saba. Fomu ilihitaji saini ya fundi, na fundi tulikuwa naye mmoja, basi niliinama nikampelekea pale pale chini ya meza. Kalamu yake haikuandika, nikamwazima yangu.